Ndiyo Bila Kiapo

Chole, Jumatatu, 8 Machi 1909

Masika yameanza leo asubuhi, saa ile ile nilipomaliza kuanika suruali kumi na mbili za askari wa boma. Zimelowa upya zote. Nimezianua, nimezikamua, nimezitundika ndani, na sasa nyumba yangu inanuka kama mti wa popo.

Jana nilipata barua ya Padre kutoka Unguja, alikonilea misheni baada ya kukombolewa utumwani nikiwa mtoto. Anajua kwamba tangu mume wangu Feruzi, karani wa forodha, afariki mwaka juzi, Mkristo hapa Chole, ukimwacha Bwana wa boma Mjerumani, ni mimi peke yangu. Hakuna kanisa, hakuna kengele, hakuna wa kuniitikia Amina. Basi ameniagiza: "Blandina, kila siku andika ulichosoma katika Injili, na ulichofanya kwa sababu umekisoma. Usiniandikie mawazo mazuri." Mwisho wa barua ameuliza kama ninayo furaha katika Mungu.

Swali gani hilo la kumwuliza mjane mfua nguo mwanzoni mwa masika! Lakini Padre ni baba yangu, nami namtii. Nimechukua daftari la marehemu, kurasa za nyuma ambazo hakuzigusa, na nimeanza.

9 Machi

Mvua. Nimesoma. Sikufanya kitu.

10 Machi

Vile vile.

11 Machi

Leo nina la kuandika, tena linanipendeza.

Mwanasiti, jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa makuti tu. Anauza samaki, anawabeba kichwani kutwa nzima, na mgongo wake umeanza kupinda. Akitaka kusimama hushika kiuno kwanza. Ulimi wake haujapinda hata kidogo. Leo kaniletea changu wawili. "Wallahi wametoka majini sasa hivi," akasema.

"Bi Mwanasiti, sema ni wa jana, nitakununulia vile vile."

"Ala! Basi weye apa kwamba ni wa jana."

"Mimi siapi. Ndiyo yangu ni ndiyo, siyo yangu ni siyo."

"Haya, Bi Ndiyo," akasema, akacheka mpaka samaki wakamtikisika kichwani.

Jina hilo sasa wananiita hata watoto. Silichukii. Hapa Chole mtu hawezi kusema habari ya chumvi bila wallahi tatu, lakini Bwana wetu ametukataza kuapa kabisa, si kwa mbingu wala si kwa kichwa chako mwenyewe. Neno hilo nimelishika miaka kumi bila kuteleza, na kisiwa kizima kinanishuhudia. Padre na alijue hilo.

14 Machi, Jumapili

Nimesoma ibada, nimejiitikia mwenyewe. Furaha sikuiona.

17 Machi

Mgeni, na mimi si mtu wa wageni. Ni Somoe, mtumwa wa Bimkubwa. Bimkubwa ndiye mwenye minazi yote ya upande huu, na banda lake la kukaushia mbata za nazi liko nyuma ya ua wangu, hatua arobaini tu. Somoe kazi yake ni makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi mingi, maji yakiyafunika na kuyafunua, mpaka yalainike. Kisha siku za bamvua, maji yakitoka mbali, wanawake huyafukua, huyapiga kwa gongo, hutoa usumba wa kusokota kamba. Leo uwanja wake umejaa maji. Amesimama mlangoni na kapu linalochuruzika matope.

"Shikamoo, Bi Blandina. Naomba banda lako la kufulia, mvua ikikatika nitaondoka."

Makumbi yaliyofukuliwa yananuka vibaya kuliko kitu chochote ninachokijua. Nilitaka kusema hapana. Lakini nilikuwa na Injili mkononi, nikaona aibu.

Akapiga, nami nikasoma. Siwezi kusoma kimya, misheni walitufundisha kusoma kwa sauti, na kwa kelele za gongo nikalazimika kupaza. Ilikuwa habari ya mtu mfupi, mtoza ushuru, aliyepanda mti ili amwone Bwana akipita. Gongo likasimama.

"Mtu mzima? Kapanda mti na nguo zake za kitajiri?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Somoe akacheka. Sijapata kusikia mtu akiicheka Injili namna ile, bila dharau, kama anayepewa habari njema za ndugu yake. Nikajikuta nacheka na mimi. Mara ngapi nimeisoma habari ile, na sikuwahi kumwona yule mtu matawini, kanzu imenasa!

21 Machi, Jumapili

Somoe amekuja kila siku. Napenda kuandika kwamba ninamvumilia. Ukweli ni kwamba tangu alfajiri nasikiliza kama anakuja.

24 Machi

Somoe amenishangaza na nimeona haya. Jana aliniuliza kuhusu yule mtu mfupi: "Alisema atawarudishia watu alivyowadhulumu. Alirudisha kweli, au alisema tu?"

"Nadhani alirudisha."

"Basi na mimi nirudishe."

Kumbe mwaka jana alifukua makumbi katika shimo la Mwanaharusi, mke wa seremala, akayatia kwenye kapu lake. Leo asubuhi, maji yalipotoka, amekwenda mbele ya wanawake wote akamwaga makapu manne kwa lile moja miguuni pa Mwanaharusi. Mwanaharusi akadhani Somoe amerogwa.

Mimi nimeisoma habari ile tangu nina miaka tisa na sijarudisha hata sindano.

27 Machi

Mvua kutwa. Kola za Bwana wa boma hazishiki wanga. Mjini wanaulizana nini kimempata Somoe.

2 Aprili, Ijumaa

Mvua ilipotulia kidogo Mwanasiti alikuja mlangoni. Somoe alikuwa ametoka sasa hivi kwa mlango wa uani.

"Bi Ndiyo, Bimkubwa ananiuliza. Anasema kuna mtu anamsomea mtumwa wake vitabu vya Kizungu, na akimjua atapeleka habari bomani. Nawe unajua Bwana wa boma hataki kusikia ugomvi wa dini. Somoe huja kwako?"

Nikaiona kazi yangu inaondoka. Nikamwona na Somoe anapelekwa mbali. Nikasema, "Somoe? Hajatia mguu kwangu tangu mvua zianze."

Mwanasiti akanitazama kidogo. "Haya," akasema. "Nitamwambia Bimkubwa. Weye husemi uongo, ataridhika."

Nimesoma leo. Nilichofanya kwa sababu ya kusoma, sina.

3 Aprili

Maulidi. Tangu alasiri naisikia msikitini, sauti nyingi pamoja. Huko wanaitikiana. Nimekaa nimeziba masikio, si kwa kuchukia, kwa wivu.

Kisiwa kizima kinasema Bimkubwa ametulia kwa sababu Bi Ndiyo amesema siyo.

4 Aprili, Jumapili ya Matawi

Nimejaribu kuomba. Kila nikifumba macho nasikia "weye husemi uongo."

5 Aprili, Jumatatu

Naandika na mikono imejaa masizi.

Asubuhi Bimkubwa alimgombeza Somoe hadharani kwa kuchelewa, na Somoe akamjibu, "Mungu anaona, bibi." Waliosikia walikuwa wengi. Alasiri akaja kwangu na makumbi ya jana. Nilisoma ile ya mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane, asiyeweza kabisa kujiinua. Nilifika pale Bwana alipomwona, akamwita, tukasikia ukelele: "Moto! Moto bandani kwa Bimkubwa!"

Siku za masika mbata haikauki juani, huwekwa juu ya kichanja na moto wa vifuu vya nazi huwashwa chini yake, na lazima awepo mtu wa kuuchunga. Anayeuchunga ni Abeid, mpwa wa Bimkubwa, kijana mkubwa tu mwenye ndevu. Somoe alitupa gongo akakimbia kwa njia ya nyuma, akafika wa kwanza, akaanza kuvuta makuti yanayowaka kwa mikono. Mimi nilifika na ndoo ya maji ya wanga. Banda limeteketea lote.

Na wakati moshi bado unapanda, Abeid akamshika Somoe mkono. "Huyu! Nimemwona anatoka!"

6 Aprili

Somoe yumo bomani, amefungiwa katika chumba cha mahabusu. Wakimwona na hatia atapelekwa jela ya bara miaka miwili. Wanawake wawili walipelekwa huko kutoka Chole tangu nihamie hapa. Hakuna aliyerudi.

Na amejimaliza mwenyewe. Akida Awadh, msaidizi wa Bwana wa boma, alimwuliza alikuwa wapi alasiri. Kwa hofu, asinitaje, akasema, "Nilikuwa pwani, nafukua makumbi."

Jana mwezi ulikuwa mpevu! Siku za bamvua maji hutoka asubuhi, na alasiri huwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Mtoto wa miaka mitano wa Chole anajua. Akida alimwambia, "Ulifukua makumbi chini ya pima moja ya maji?" Nimeambiwa na Mwanasiti, kwa maneno machache, hakutania hata kidogo.

Mtu mmoja tu anajua alikuwa wapi. Mtu huyo amekwisha kutangaza kwamba Somoe hajatia mguu kwake.

7 Aprili

Nimekwenda mpaka kwenye ngazi za boma na nguo zilizopigwa pasi. Nimezikabidhi. Nimerudi.

8 Aprili

Nimekwenda tena. Nikamwambia Akida nina ushahidi. Ni mtu mzima, mwenye adabu, ukoo wake una asili ya Omani na hajawahi kunidharau. Akasema shauri litasikilizwa Jumanne, nije, niape kama wengine.

"Mimi siapi, Sheikh."

"Basi njoo ukatae mbele ya watu, uone haya," akasema, wala hakusema kwa ukali.

9 Aprili, Ijumaa Kuu

Wameniruhusu kumpelekea chakula. Viganja vyake vimebabuka kwa kuvuta makuti. Nimevifunga kwa kitambaa changu cha kichwa.

"Usiseme," akaninong'oneza. "Ukisema nilikuwa kwako watakufukuza kazi. Mimi jela ni kazi tu, nimeizoea kazi."

Nikakaza fundo la kitambaa. Halafu akauliza, si habari ya kesi yake: "Yule mwanamke aliyepinda mgongo. Ikawaje?"

Nikamwambia pale pale, bila kitabu. Nikamwambia alivyoguswa, akanyooka, akamsifu Mungu. Na jinsi mkubwa wa nyumba ya ibada alivyokasirika, akawaambia watu zipo siku sita za kazi, waje kuponywa siku hizo.

"Miaka kumi na minane amepinda, na huyo anamgombeza kwa siku aliyonyooka!" Akacheka. Alicheka kwa sauti, mikono imefungwa kitambaa, mpaka askari akachungulia. Nami nikacheka na machozi yananitoka, na kwa muda ule mfupi sikuogopa kitu. Nadhani ndiyo ile Padre aliyoniuliza. Sikutegemea kuikuta mahabusu, tena Ijumaa Kuu.

10 Aprili

Nimeogopa tena. Mvua.

11 Aprili, Pasaka

Imeandikwa kwamba ukileta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache, nenda kwanza ukapatane naye. Sikusoma ibada. Nimefunga kitabu nikasema, "Bwana, nakuja Jumatano."

12 Aprili

Sikulala vizuri. Nimepiga pasi shati moja mara tatu.

13 Aprili, Jumanne

Nitaandika yote, hata yanayonichoma.

Baraza lilikuwa limejaa. Bwana wa boma kwenye kiti, Akida Awadh kando yake, Bimkubwa nyuma amejitanda mpaka machoni, Abeid amesimama mbele na kanzu mpya. Somoe ameketi chini. Abeid akarudia maneno yake: alikuwa bandani anachunga moto, akatoka kidogo nje, akamwona Somoe anaingia na kutoka, paa likashika. Akida akataja habari ya maji ya alasiri. Watu wakatikisa vichwa. Ilibaki mimi.

Bwana wa boma akanisukumia kitabu. "Weka mkono, uape."

"Bwana, siwezi. Kitabu hiki unachotaka niweke mkono ndicho kinachonikataza kuapa. Nitasema kweli bila kiapo."

"Kila mtu hapa anaapa."

Akida akasema, "Bibi, wezi wote wangeipenda dini hiyo." Watu wakacheka, na sikumlaumu. Lakini akamnong'oneza Bwana wa boma, yule akapunga mkono kwa hasira, nikaruhusiwa kusema.

Nikasema: Jumatatu ile ya moto, alasiri, Somoe alikuwa katika banda langu la kufulia, anapiga makumbi, mimi nikimsomea Injili, mpaka tuliposikia ukelele. Tulitoka pamoja. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Nyuma nikasikia Bimkubwa anavuta pumzi. Somoe akafunika uso.

Abeid hakungoja. "Bi huyu aliwaambia watu Somoe hajatia mguu kwake tangu mvua zianze. Chole nzima inajua. Si ndiye Bi Ndiyo? Basi alisema kweli siku ile, au anasema kweli leo? Achague moja."

Mwanasiti alikuwa karibu na nguzo, kapu lake miguuni. Ningeweza kusema alinisikia vibaya. Neno lilikuwa limekwisha kupangika mdomoni, tena lingeniokoa: ni mwanamke wa sokoni, nani angemwamini kuliko mimi?

"Leo nasema kweli," nikasema. "Siku ile nilisema uongo. Bi Mwanasiti aliniuliza swali la wazi, nikamdanganya usoni, kwa kuogopa kazi yangu, na kwa kumwogopea Somoe. Lakini kwanza kazi yangu. Bi Mwanasiti, nisamehe. Ulinibebea uongo ukidhani ni kweli."

Nilidhani nitakufa kwa aibu. Miaka kumi yote ilianguka pale sakafuni, na kila mtu aliiona.

Akida akainua mikono. "Asiyeapa, tena mwenye kukiri uongo. Bibi, neno lako nilifanye nini?"

Hapo Mwanasiti akashika kiuno, akasimama.

"Mie jirani yake, Sheikh. Jumatatu ile alasiri makumbi yalipigwa uani kwake tangu adhana mpaka ukelele wa moto. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Na ile Ijumaa aliponiambia Somoe hajatia mguu, usumba ulikuwa umeishika kanga yake mpaka kifuani, na huyu hajapiga kumbi hata moja maishani mwake."

Baraza zima likacheka. Mimi sikucheka. Nikaitazama kanga yangu.

"Ulijua?" Akida akauliza. "Basi kwa nini ulimwambia Bimkubwa vingine?"

"Nilimfikishia Bimkubwa maneno ya Bi Ndiyo kama alivyoyasema. Sikuongeza langu. Nilimwona mtu ameogopa mpaka kasema uongo, na hajauzoea, nikaona nimsaidie kuubeba." Akanigeukia. "Yeye haapi. Mie nitaapa kwa ajili yetu wawili. Leteni msahafu, udhu ninao."

Msahafu ukaletwa umefungwa kitambaa cha kijani. Mwanasiti, ambaye huapa juu ya kila changu, sikuwahi kumwona hivi. Uso ulimbadilika. Aliweka mkono polepole, akaapa kwa sauti ndogo, na hakuna aliyetia shaka.

Akida akamwambia Abeid, "Na wewe. Apa kwamba ulikuwapo bandani ukamwona."

Abeid akaenda kutia udhu. Tulisikia maji yanamwagika kutoka mtungini, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akarudi, akanyoosha mkono. Ukasimama juu ya kitambaa kama shubiri moja, hauteremki. Tuliutazama wote. Nje mvua ilianza tena.

"Nilikwenda kucheza bao," akasema. "Niliporudi paa limeshika. Nilimwona Somoe anazima."

Bimkubwa aliinuka akatoka, hakumtazama mtu.

14 Aprili

Somoe hana hatia. Lakini Bimkubwa amesema mtumwa wake hatasomewa tena, na leo hii anahamishiwa shamba lake la kisiwa cha Juani, kule karibu na magofu ya Kua. Mimi nimeitwa bomani asubuhi. Nguo za boma zitafuliwa na mtu mwingine. Bwana wa boma amesema mtu anayekataa kiapo na kuleta ugomvi wa dini hamtaki kwenye ngazi zake.

Somoe alipita kwangu kabla ya kushuka pwani, mtu wa Bimkubwa akangoja nje. "Nimemwambia Akida nilisema uongo wa pwani," akasema. "Tena uongo wa kijinga. Kufukua makumbi maji yamejaa!" Tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha. Kisha akanipa gongo lake. "La Juani nitachonga jingine. Wewe sasa huna nguo za kufua."

Nimesoma ibada ya Pasaka, siku tatu baada ya wakati wake. Nilipofika kwenye Amina sikuweza kuendelea kwa muda, kwa furaha, ingawa sina kazi na nimempoteza mwenzangu. Sielewi. Naandika kama ilivyokuwa.

15 Aprili

Jana usingizi ulinipitia vizuri. Leo nafikiri. Miaka yote hii nimewacheka kwa wallahi zao. Na kiapo ndicho kilichouzuia mkono wa Abeid, mtu aliyekuwa tayari kumpeleka mwenzake jela. Mimi bila kiapo nilidanganya mlangoni kwangu, kanga imejaa usumba, na hakuna kilichonizuia. Bwana hakutukataza kuapa ili tupate jina. Alitaka kila neno letu liwe zito kama lile ambalo Abeid alishindwa kuligusa. Neno hilo sikulishika miaka kumi. Nimelishika dakika chache, Jumanne.

Na jina langu jema, tangu Ijumaa ile, lilikuwa mikononi mwa muuza samaki, naye akalitunza.

22 Aprili

Bamvua ya mwezi mwandamo. Mwanaharusi amenionyesha kona ya matope niliyopewa kufukia makumbi yangu, na amenigawia kapu moja la yaliyolainika ili nianze. Amesema ni katika yale ya Somoe.

3 Mei

Malengelenge. Nanuka. Changu kwa chakula, Mwanasiti kakataa malipo, kasema ni wa jana.

11 Mei

Mvua zinapungua. Nasoma huku napiga, lakini siwezi kushika kitabu na gongo, kwa hiyo ninayojua kwa moyo nayasema kwa sauti. Ni mengi kuliko nilivyodhani. Nakosa mtu wa kuniuliza, "Alirudisha kweli, au alisema tu?"

20 Mei, Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa Bwana

Leo jua. Nimemwandikia Padre. Nimemwambia uongo wangu wote na sababu zake. Kuhusu swali lake nimemjibu: ndiyo.

Mwanasiti amerudi kutoka Juani kuuza samaki. Amesema Somoe ni mzima, mikono imepona, anapiga makumbi na wanawake wa kule. Anawahadithia kuhusu tajiri mfupi aliyepanda mti, na wote hucheka anapofika kwenye kanzu iliyonasa. Bimkubwa bado hajasikia, na nani atamwambia?

Alasiri nilikuwa uani na gongo. Upande wa pili wa ua nilisikia Mwanasiti anatua kapu, anashika pumzi kama afanyavyo akishika kiuno.

"Bi Ndiyo."

"Labeka, Bi Mwanasiti."

"Yule mwanamke aliyepinda mgongo. Siku ile ya moto ulifika pale alipoitwa, watu wakapiga ukelele, nikakosa mwisho wake. Tangu hapo nangoja uirudie, huirudii."

Gongo likanisimama mkononi. Nilidhani kelele za makumbi zinatuficha. Masika yote alikuwa amekaa pale nyuma ya makuti, anasikiliza.

"Alinyooka?" akauliza.

"Alinyooka."

"Wallahi?"

"Ndiyo," nikasema.

Nikasikia kigoda chake kinavutwa karibu na ua.